Uliza Mwalimu: Kitochi kinatosha?

Barua za safari hii karibu zote ni za simu. Kwa msomaji mpya: nilifundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, na siku hizi nakaa kwenye stesheneri yangu hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Watu wanakuja kuprinti CV, kutafuta matokeo ya mtihani na kuniuliza kwa nini simu imegoma. Mengi ninayojibu hapa nimeyaona kaunta. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne. Mwalimu wake amefungua kundi la WhatsApp na mazoezi yote yanatumwa humo. Mimi nina kitochi. Wenzangu wanasema niuze mbuzi wawili ninunue simu janja, la sivyo mtoto ataachwa nyuma. Baba yake hataki kusikia. Nifanyeje?*
Mama Mbuzi, Ifakara

Marahaba, mama. Mbuzi wabaki zizini kwanza.

Makundi hayo nayajua, maana wazazi wananiletea simu zao niwaprintie. Zoezi lenyewe ni picha ya ubao iliyopigwa upande, juu yake salamu za asubuhi, chini yake mchango wa msiba na mtu anayeuza mchele. Mtoto ananakili, mzazi anaweka dole gumba, basi. Humo hakuna anayejua kama mtoto ameelewa.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa korona, watafiti walifanya jaribio Botswana kwa familia zipatazo 4,500, na simu ya kawaida ilitosha. Familia za kundi la kwanza zilitumiwa kila wiki meseji yenye maswali machache ya hesabu. Za kundi la pili zilitumiwa meseji hiyohiyo, kisha zikapigiwa simu: mzazi anaombwa amwite mtoto, anaweka spika, na anayepiga anapitia swali na mtoto kwa dakika kama kumi na tano hadi ishirini. Kundi la tatu halikupewa kitu. Walipopimwa, waliopata meseji tupu hawakusogea kiasi cha kujivunia. Waliopigiwa walisogea waziwazi. Baadaye wakarudia India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, na huko nako simu ikasaidia, iwe aliyepiga ni mwalimu wa serikali au kijana aliyeandaliwa na shirika.

Mimi sikushangaa. Mpe mtoto wako swali hili: 42 kutoa 17. Watoto wengi wa umri wake watakuambia 35. Wameona saba ni kubwa kuliko mbili, wakaigeuza, saba kutoa mbili ni tano. Kisha nne kutoa moja ni tatu. Ukituma jibu hilo kwenye kundi utapata alama ya mkasi. Lakini mtu aliye upande wa pili wa simu akisikia "thelathini na tano" anajua papo hapo tatizo liko wapi, anasema: "Hebu chukua njiti za kiberiti, funga mafungu manne ya kumikumi, weka na mbili pembeni. Sasa nipe saba." Mtoto anafungua fungu moja mwenyewe. Hapo ndipo amejifunza kukopa, na mbuzi bado wanalia zizini.

Sasa la kufanya. Nenda shuleni umwambie mwalimu ukweli kwamba huna simu janja. Hutakuwa peke yako, na akijua mko wengi ataandika zoezi ubaoni pia. Usimtake akupigie yeye, kwa sababu darasa lenye watoto themanini halipigiki. Mtafute kwenye ukoo wenu aliyemaliza kidato cha nne na bado anakumbuka hesabu, shangazi yuko Dar, binamu yuko Dodoma, yeyote yule, mkubaliane siku moja kwa wiki. Nunua kifurushi cha dakika cha mtandao wake. Wewe kaa hapohapo pembeni ya mtoto hata kama hesabu zenyewe huzijui, asije akaenda kucheza katikati ya maongezi.

Kitochi kina historia yake ya shule, usikionee haya. Kenya watoto wamesoma kwa meseji kupitia Shupavu 291 ya kampuni ya Eneza, walibonyeza *291# na maswali yakaja. Hapa kwetu Ubongo Kids ilipoanza TBC1 mwaka 2014, watoto walijibu maswali ya katuni kwa meseji za simu za kawaida.

*Mwalimu, nina diploma ya ugavi, niko nyumbani tangu nimalize. Jana imeingia meseji kwamba nimechaguliwa kazi ya ghala kwenye kampuni kubwa, nitume 35,000 ya vipimo vya afya kabla ya saa kumi jioni, jina litakalokuja ni la daktari wao. Nimeshakopa kwa dada. Nitume?*
Kijana wa Mbagala

Usitume. Rudisha pesa ya dada leo.

Hukuandika kama uliomba kazi hiyo, na naona hukuiomba, ungesema. Mtu hachaguliwi mahali ambako hajaomba. Na hiyo "saa kumi jioni" imewekwa usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Huyo ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", amebadilisha shati tu. Namba yake iripoti kwenda 15040, ndiyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliyoiweka kwa matapeli. Ukimaliza piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ukaifute.

Tuje kwenye ajira yenyewe. Kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kujisajili humo ni bure. Unahitaji namba ya NIDA, vyeti vyako, CV na barua ya maombi uliyoisaini kwa mkono wako. Simu janja ya kawaida inatosha kabisa. Vijana wanakwama kwenye mambo madogo ambayo nayaona kila wiki. Kijana anakuja stesheneri, hana barua pepe, kijana wa kaunta anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya dukani na neno la siri la kubuni. Miezi inapita. Tangazo la kuitwa kwenye usaili linatoka, jina lake limo, naye hawezi kuingia kwenye akaunti yake, na yule kijana wa kaunta alishahamia Ifakara kulima mpunga. Kwangu nimepiga marufuku. Fungua barua pepe yako mwenyewe, neno la siri liandike kwenye daftari la mama, si kwenye simu inayoweza kuibwa kwenye mwendokasi.

Namba ya simu uliyoandika kwenye CV usiiache ikafungwa kwa kukaa bila vocha. Na vyeti viskani vizuri: karatasi iweke chini karibu na mlango mchana, usimame kivuli chako kisiangukie juu yake, muhuri usomeke. Nimeona vyeti vyenye vidole vya mwenyewe pembeni na kona ya kitanda nyuma. Mtu anayepitia maombi kwa mamia ana sababu nyingi za kukuacha, usimwongezee.

Halafu ugavi si serikali tu. Maduka ya jumla ya Kariakoo na maghala ya Mbagala hapo ulipo yanataka mtu wa kuhesabu mzigo, na hayatangazi popote. Huko simu itafaa ukishafika kwa miguu na kuacha namba.

*Mwalimu, barua hii ameniandikia mjukuu. Mimi nauza dagaa Mwaloni, sikusoma. Pesa zinaingia kwa simu na meseji siwezi kuisoma. Kuna kijana nilimpa anisomee, akasema haijaingia, kumbe imeingia, mteja wangu nikamtukana bure. Nina miaka hamsini na nane. Kichwa hiki bado kinaweza?*
Bibi wa Dagaa, Mwanza

Shikamoo bibi, ingawa hatupishani sana. Kichwa kinaweza. Mtu anayekumbuka nani anadaiwa ndoo ngapi tangu Pasaka, bila daftari, ana kumbukumbu kuliko mimi.

Nikupe mfano wa mbali. Huko Niger, kuanzia mwaka 2009, kulikuwa na madarasa ya watu wazima katika vijiji 113 vya Dosso na Zinder, wakisoma kwa Kihausa na Kizarma. Wote walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Katika baadhi ya vijiji wakaongeza kitu kimoja: simu za kawaida, simu moja kwa watu watano, na mwalimu akawaonyesha kuzitumia, kutafuta namba, kuandika meseji. Mwisho waliosoma na simu walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani kuliko waliosoma bila simu. Sababu naielewa. Darasa la kawaida likiisha, mama anarudi nyumbani ambako hakuna kitu cha kusoma. Mwenye simu ana kitu cha kusoma mfukoni, tena kinachomhusu.

Sisi Tanzania tulikuwa mbele kwa hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka mama zetu wakienda kisomo jioni na taa ya chemli. Darasa la namna hiyo bado lipo kwenye baadhi ya shule za msingi. Mtume mjukuu akamuulize Afisa Elimu Kata. Lakini usisubiri darasa, anza na kitochi chako, na mjukuu huyuhuyu awe mwalimu.

Tarakimu unazijua, kwa sababu unapiga simu. Kwa hiyo mjukuu akupe meseji moja ya pesa iliyokwisha kuingia zamani, msiifute. Usijaribu kuisoma yote. Tafuta sehemu mbili tu, kiasi kilichoingia na salio. Meseji hizo zinaandikwa kwa mtindo uleule kila siku, kiasi kinakaa palepale, neno "umepokea" mwanzoni lina sura yake. Litazame mpaka ulijue kama unavyojua mtumbwi wa nani unaingia. Kisha liwekee pembeni "umetuma" na uone zinatofautiana wapi. Hapo tayari yule kijana hana kazi.

Baada ya hapo, majina. Kwenye kitochi herufi zimeandikwa juu ya tarakimu: 2 ina A, B, C. Ukibonyeza mara moja ni A, mara mbili B, mara tatu C. Mjukuu akufundishe kuandika jina lake kwanza, na uliandike wewe, yeye asiguse. Akiwa ni Asha, bonyeza 2 mara moja, 7 mara nne, 4 mara mbili, 2 mara moja. Vidole vitauma, herufi zitapita, utafuta, utaanza upya. Kisha wateja wako wote watano wakubwa, jina baada ya jina. Ukimaliza hao utakuwa umeshapitia nusu ya alfabeti bila kukalia dawati.

La usalama: ukitaka kuhakikisha pesa ipo, usimwamini msomaji wala meseji, maana meseji za kughushi nazo zipo. Angalia salio kwenye menyu ya mtandao wako, *150*00# kama ni M-Pesa, *150*60# kama ni Airtel Money. Menyu inakwenda kwa tarakimu, na tarakimu unazijua. Namba ya siri isijulikane hata na mjukuu. Ni mtoto mzuri, naona kwa mwandiko, lakini isijulikane.

Na yule mteja uliyemtukana, mpelekee kisado cha dagaa.

*Habari Mwalimu. Niliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Mtoto sasa anakwenda chekechea. Nauza vitumbua na oda napokea kwa simu. Nina simu janja, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. Naweza kusoma mpaka kidato cha nne kwa simu peke yake? Watu wananicheka.*
Dada wa Vitumbua, Kilwa Masoko

Kwa simu peke yake, hapana. Kwa simu na kituo, ndiyo, na wapo waliofanya hivyo.

Tangu Novemba 2021, Waraka wa Elimu Namba 2 unaruhusu waliokatiza masomo, pamoja na waliopata ujauzito, kurudi shule. Kwa mtu mwenye mtoto na biashara njia nyepesi ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, yenye vituo mikoani. Kupitia mradi wa SEQUIP wasichana waliokatiza sekondari wamesomeshwa huko bila ada, kwa hiyo swali lako la kwanza Lindi liwe: nafasi hizo zipo mwaka huu? Kama hukufanya au hukufaulu upimaji wa kidato cha pili, utaanza na Mtihani wa Maarifa, QT, ndipo ufanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, unafunguliwa mapema mwaka, siku zinakwisha haraka, na kila mwaka ninao watu wanaokuja wakilia baada ya dirisha kufungwa.

Simu yako itakufanyia nini? Vitabu. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vyenyewe, vilevile vinavyotumika shuleni, na kuvisoma ni bure. Shule Direct, aliyoianzisha Faraja Nyalandu mwaka 2013, ina notisi na maswali ya sekondari. Pakua mara moja ukiwa na bando, kisha soma bila intaneti. Usisome kwa kufungua kurasa kila siku, vitumbua vyote vitaishia kwenye vocha.

Wewe unaamka alfajiri, mikono iko kwenye kikaango mpaka saa mbili, huwezi kushika kitabu. Basi usiku soma somo la Historia au Kiswahili kwa sauti huku ukijirekodi kwenye simu, kama dakika kumi. Alfajiri weka earphone moja sikioni, ujisikilize wewe mwenyewe ukikufundisha wewe. Utajicheka siku mbili za kwanza. Hesabu ni habari nyingine, hazisomwi kwa kuteleza kidole kwenye kioo, tena kilichopasuka. Nunua daftari kubwa, swali liandike, kokotoa kwa kalamu, ukikwama piga picha hapo ulipokwama umtumie mtu. Huyo mtu lazima awepo. Kituoni utakutana na wenzako, chukua namba za wawili walio makini kuliko wewe.

Na vitumbua usividharau. Watafiti Tavneet Suri na William Jack waliifuatilia M-Pesa ya Kenya, na mwaka 2016 wakakadiria kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kujikimu wakaingia kwenye biashara, kwa sababu pesa sasa inatembea kwa simu. Unayepokea oda na malipo kwa simu uko kwenye ajira tayari. Cheti unakifuata ili uwe na la kuchagua. Wanaocheka waambie bei ya vitumbua imepanda kwao.

*Mwalimu, salamu kutoka Changamwe. Kijana wangu amemaliza chuo, analala mchana, usiku mzima yuko kwenye simu na kompyuta ya rafiki, asema anafanya kazi mtandaoni. Ni kweli kuna kazi kama hizo ama nachezewa?*
Mama Kijana, Mombasa

Zipo. Kenya serikali yenyewe ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kufundisha vijana kazi hizo: kuandika maneno kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, kuweka alama kwenye picha za kufundishia programu za kompyuta, kutafsiri. Kulala mchana kunaweza kuwa na sababu, maana mteja wa Marekani ameamka wakati ninyi mnalala.

Lakini usimuulize "unafanya kazi gani", atakujibu maneno ambayo hutayaelewa. Muombe akuonyeshe meseji ya malipo ya mwezi uliopita. Ikiwepo, hata ikiwa ndogo, mwache alale na umpunguzie kelele za sufuria. Isipokuwepo miezi mitatu mfululizo, au ikiwa yeye ndiye anayelipa "kufungua akaunti" ili apewe kazi, hapo anayechezewa ni yeye.

Na muulize jambo moja zaidi: je, anawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao? Najua pesa ipo huko na vijana wengi werevu wa Kenya wameingia. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 inayofanya kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Mimi kama mwalimu naumia zaidi kwa sababu nyingine: kijana wako anaandika kazi ya chuo kikuu usiku kucha, shahada anapewa mtu mwingine, na kwenye CV yake hawezi kuandika hata mstari mmoja kuhusu kazi hiyo. Akifanya kazi ya kunukuu sauti au kutafsiri, atamtaja mteja wake kwa jina, na mteja anayefuata ataona. Mwambie ahamie huko, na kompyuta ya rafiki airudishe akishanunua yake.